Mto wa Tatu: Mjadala Kuhusu Nesi na Mgonjwa wa Moyo

Mgonjwa aliyelazwa kwa sababu moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo huruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mfuko wa dawa, kadi ya kliniki yenye tarehe ya mwezi ujao, na maneno machache aliyoambiwa akiwa ameshavaa viatu. Punguza chumvi. Usinywe maji mengi. Usiache dawa. Hakuna la uongo humo, lakini wagonjwa wengi wa namna hiyo hurudi wodini, wengine hata kabla ya tarehe ya kadi, wakihema kama waliokimbia ilhali walikuwa wamekaa tu. Mimi nashikilia kwamba kinachokosekana hapo si maneno zaidi bali ni mtu: nesi anayemjua mgonjwa kwa jina, anayemfuata nyumbani kwa simu au kwa miguu, na aliyepewa mamlaka ya kugusa dozi. Msimamo huu una wapinzani, na wapinzani wake si wajinga. Nimewapa nafasi watatu: daktari bingwa wa moyo, mhasibu wa hospitali, na binti anayemuuguza mama yake. Msiwatafute mtaani, ni hoja nilizozivika kanzu na khanga. Hoja zenyewe ni za kweli, na moja au mbili sikufanikiwa kuzipangua.

Tuelewane kwanza juu ya maradhi yenyewe. Moyo ukidhoofika, damu inayofika kwenye figo hupungua. Figo hazina macho. Zikipata damu kidogo hudhani mwili umekauka, basi hushikilia chumvi, na chumvi hushikilia maji. Maji hayo mchana huteremka miguuni, na usiku mgonjwa akilala chali hupanda mapafuni. Ndiyo maana ugonjwa huu una dalili zisizohitaji mashine. Mkanda wa kandambili unaacha alama juu ya unyayo jioni. Dole gumba likikandamizwa kwenye muundi wa mguu linaacha shimo linalochelewa kujaa. Aliyekuwa akilalia mto mmoja anaongeza wa pili, kisha wa tatu, kisha anahamia kwenye kiti na kulala amekaa. Uzito nao hupanda, na hapa kuna jambo la kutia moyo: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wanaoishia kulazwa, uzito huanza kuongezeka angalau wiki moja kabla. Siku saba, na pengine zaidi. Katika siku hizo mara nyingi kidonge kimoja zaidi cha kukojoza kingetosha. Zikishapita, inatakiwa oksijeni, sindano na kitanda. Mjadala wote huu unahusu siku hizo saba, na nani yupo karibu na mgonjwa wakati huo.

Daktari: Ndugu mwandishi, kinachookoa wagonjwa wangu ni dawa. Mwaka 1987 wagonjwa mahututi wa moyo katika nchi za Skandinavia waligawanywa kwa kura. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa asilimia 44 ya waliopewa kidonge kitupu, na asilimia 26 ya waliopewa enalaprili. Mwaka 1999 spironolaktoni ikapunguza vifo kwa asilimia 30. Nionyeshe nesi aliyefanya hivyo kwa mazungumzo. Na usinitajie elimu kwa mgonjwa, maana na mimi nitakutajia utafiti wa COACH wa Uholanzi, uliotoka mwaka 2008. Vituo 17, wagonjwa 1,023 waliotoka kulazwa, miezi 18 ya kuwafuatilia. Kundi moja liliendelea na daktari wake wa moyo, la pili likaongezewa nesi, la tatu likaongezewa nesi mara nyingi zaidi pamoja na kutembelewa nyumbani. Waliokufa au kulazwa tena kwa ajili ya moyo walikuwa asilimia 42, 41 na 38. Kitakwimu, hiyo si tofauti.

Naanza na dawa, Daktari, kwa sababu umezitetea vizuri na mimi sina ugomvi nazo. Lakini fuatilia spironolaktoni hiyohiyo ilivyotoka kwenye utafiti na kuingia mitaani. Katika jimbo la Ontario, Kanada, madaktari waliisoma habari ya 1999 wakaanza kuiandika kwa wingi kwa wagonjwa waliokuwa tayari wanatumia dawa za jamii ya enalaprili. Dawa hizo mbili zikikutana huweza kupandisha potasiamu kwenye damu mpaka moyo usimame. Kati ya wagonjwa hao, waliolazwa kwa potasiamu kupanda walikuwa 2.4 kwa kila 1,000 mwaka 1994. Kufikia 2001 wakawa 11 kwa kila 1,000, na vifo vilivyotokana na hali hiyo vikaongezeka pia. Dawa ilikuwa ileile iliyookoa maisha kwenye utafiti. Ila kwenye utafiti kila mgonjwa alikuwa na mtu wa kumwita, kumpima damu na kumuuliza habari, na huko mitaani mtu huyo hakuwepo. Kwa hiyo tukisema “dawa inaokoa” tunafupisha mno: kilichopimwa mwaka 1987 na 1999 ni dawa pamoja na jicho linaloitazama, na sisi tumenunua dawa tukaliacha jicho dukani.

Tena lipo jambo dogo ambalo halionekani kwenye karatasi za hospitali. Mtu anayetoka Mbagala kwenda Muhimbili kwa daladala hawezi kumeza furosemaidi, kile kidonge cha kukojoza, asubuhi ya kliniki, kwa sababu itamshika foleni ya barabarani na hakuna choo. Anairuka. Anafika mbele ya daktari miguu imevimba, daktari anaona dozi haitoshi, anaiongeza. Akirudi nyumbani anameza dozi mpya kwa siku ambazo hana safari, anaishiwa maji, anasikia kizunguzungu akisimama, na hatimaye anaamua kwamba dawa ndiyo inayomuua. Hapo hakuna aliyefanya uzembe. Aliyekosekana ni mtu wa kumuuliza swali la kipuuzi, “Leo umemeza saa ngapi?”, kisha akamwambia kwamba siku ya safari kidonge si cha kuruka bali ni cha kusogeza mpaka atakaporudi. Daktari mwenye foleni ya watu mlangoni hana dakika ya swali hilo. Nesi anaweza kuwa nayo, tukimpa.

Sasa COACH. Siukimbii utafiti huo. Ni mmoja wa mikubwa na ulifanywa kwa uaminifu. Ila swali la kuuliza si kama nesi anafaa au hafai. La kuuliza ni nesi aliyepewa nini, na aliyeongezwa juu ya nini. Kundi la kulinganishia la Uholanzi halikuwa limetelekezwa. Lilikuwa likionana na daktari wa moyo, dawa zikipatikana, barabara zikipitika. Ukiongeza mchuzi kwenye sahani iliyokwisha kujaa, hushangai ukimwagika mezani. Rudi nyuma hadi St. Louis, Marekani, mwaka 1995. Wazee 282 wenye umri wa miaka 70 na zaidi waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa timu iliyoongozwa na nesi: mafunzo, mpango wa chakula, kupitia dawa zote, kisha simu na kutembelewa nyumbani. Katika siku 90, kulazwa tena kwa ajili ya moyo kulitokea mara 54 katika kundi la kawaida na mara 24 katika kundi la nesi. Sweden mwaka 2003 wagonjwa 106 waligawanywa, na kliniki ya manesi huko ilikuwa na ruhusa ya kurekebisha dawa kwa mwongozo. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamekufa 7 upande wa kliniki hiyo na 20 upande mwingine. Utafiti wa Sweden ni mdogo, sitaki kuubebesha zaidi ya nguvu zake. Lakini mwaka 2019 mapitio ya Cochrane yalikusanya tafiti 47 zenye watu 10,869, yakakuta kwamba pale ambapo mgonjwa ana mtu maalumu wa kumfuatilia baada ya kutoka hospitali, mara nyingi nesi, vifo vilipungua kwa takriban asilimia 22 na kulazwa kwa ajili ya moyo kwa asilimia 36. Pale ambapo mgonjwa alitakiwa tu aje kliniki, tofauti ilikuwa ndogo au haikuwepo. Waandishi wenyewe walikiri ushahidi huo una udhaifu wake. Mimi naona mwelekeo mmoja ndani yake: kinachosaidia ni mtu kumfuata mgonjwa, kuliko mgonjwa kufuata jengo.

Mhasibu: Mwandishi, umezungumza vizuri, sasa ruhusu niongee na mimi. Huo utafiti wa St. Louis najua ulionyesha hospitali iliokoa dola 460 kwa kila mgonjwa. Kule kitanda ndicho ghali na nesi ndiye nafuu. Kwetu mambo yamepinduka: nesi ndiye adimu. Usiku wodi ina manesi wawili na wagonjwa wamelala hadi chini. Nimtoe mmoja akapige simu za kuulizana habari za miguu? Mbona tusiweke programu ikawa inatuma ujumbe kila asubuhi, au sauti iliyorekodiwa impigie mgonjwa? Mashine haidai posho.

Pendekezo lako, ndugu Mhasibu, limeshajaribiwa, na kwa pesa nyingi kuliko tulizonazo. Mwaka 2010 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Tele-HF. Wagonjwa 1,653 waliokuwa wametoka kulazwa waligawanywa; nusu wakapewa namba ya simu ya bure yenye sauti ya mashine, wapige kila siku wajibu maswali ya uzito na dalili, na majibu yapitiwe na wahudumu. Miezi 6 baadaye waliolazwa tena au kufa walikuwa asilimia 52.3 upande wa mashine na 51.5 upande wa kawaida. Wagonjwa 14 kati ya kila 100 hawakuwahi kuipigia mashine hata mara moja, na kufikia wiki ya mwisho ni kama nusu tu waliokuwa bado wakiitumia angalau mara tatu kwa wiki. Watu huchoka kuzungumza na kitu kisichoshtuka. Sasa weka pembeni yake utafiti wa DIAL wa Argentina, uliotoka mwaka 2005: vituo 51, wagonjwa 1,518, na chombo kilikuwa kilekile, simu. Tofauti ni kwamba aliyepiga alikuwa nesi, na alipiga kila baada ya siku 14 mwanzoni, kisha akaongeza au kupunguza kulingana na hali ya mgonjwa. Alikuwa na ruhusa ya kubadilisha dozi ya dawa ya kukojoza kwa muda mfupi, na ya kumwambia mgonjwa aje haraka. Waliolazwa kwa ajili ya moyo walikuwa asilimia 22.3 upande wa kawaida na 16.8 upande wa simu za nesi. Vifo havikupungua, nalisema hilo mwenyewe kabla Daktari hajalisema. Kilichonivutia zaidi kilikuja baadaye: simu zilipokoma, watafiti waliendelea kuwaangalia watu hao, na miaka 3 baada ya simu ya mwisho kundi la nesi lilikuwa bado linalazwa kidogo kuliko lenzake. Kuna kitu kilichobaki vichwani mwao.

Kulinganisha Argentina na Marekani namba kwa namba si haki, najua, maana wagonjwa si wamoja na hospitali si zilezile. Ila kile kilichobaki ndicho hoja yangu nzima. Kujitunza kwa mgonjwa wa moyo ni ufundi, na fundi hafundishwi kwa kipeperushi. Fundi cherehani hakujua kupindisha kola kwa kusoma. Alikaa pembeni ya anayejua, akaharibu kola mbili, akaambiwa “hapa umevuta sana”. Mgonjwa naye anahitaji kuharibu wiki moja au mbili akiwa na mtu wa kumwambia kwamba uchovu ule wa Jumatano haukuwa uzee, yalikuwa maji. Akishautambua mara mbili, mara ya tatu atautambua peke yake.

Halafu hesabu zako zinamhesabu mgonjwa asiye wa kwetu. Wa St. Louis alikuwa mstaafu. Wa kwetu walipimwa Muhimbili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014: wagonjwa 427, wastani wa umri miaka 55, asilimia 45 moyo wao umechoshwa na presha, asilimia 28 misuli ya moyo yenyewe imeharibika, asilimia 12 wana madhara ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, na asilimia 9 tu ndio wenye mishipa ya moyo iliyoziba kama wagonjwa wengi wa Ulaya. Utafiti mwingine wa mwaka 2012 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta wastani wa miaka 52, na karibu mgonjwa mmoja kati ya sita alikuwa amekufa ndani ya miezi 6. Miaka 52 ni umri wa dereva wa lori, wa mwalimu mkuu, wa mama lishe mwenye watoto wawili sekondari. Leja ya hospitali haina safu ya ada ambazo hazitalipwa. Na kama ni nesi, tupige hesabu ya kawaida: simu ya dakika 10, saa 2 kwa siku, siku 5. Hao ni wagonjwa 60 kwa wiki kwa robo ya zamu. Usiku ule wa manesi wawili, wagonjwa waliolala chini ni pamoja na hao 60 wakirudi.

Wala hatubuni kitu kisichowahi kuonekana. Tangu mwaka 2004 Tanzania imejenga kliniki za CTC kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Humo kuna kadi, rejesta, mtoa ushauri wa ufuasi wa dawa, na mtu anayetumwa kumtafuta aliyekosa tarehe. Maradhi ya kudumu tunajua kuyasimamia. Tumeamua tu kuyasimamia kwa ugonjwa mmoja. Jirani zetu Rwanda, kuanzia mwaka 2006, walifungua kliniki za magonjwa sugu katika hospitali za wilaya vijijini, Rwinkwavu ikiwa miongoni mwa za mwanzo, zikiendeshwa na manesi waliofundishwa kutumia mashine ya ultrasaundi kwa vipimo vichache vya kutofautisha aina za udhaifu wa moyo, kuanzisha dawa na kuzipandisha, daktari akiwasimamia. Mwaka 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Lomé chini ya Shirika la Afya Duniani wakapitisha mkakati wa PEN-Plus, uliochipuka kutokana na kazi hiyo.

Binti: Samahani wakubwa zangu. Mmetaja dola, asilimia, Rwanda. Mimi ndiye ninayepika. Hilo neno “kujitunza” linanikera. Mama akizidiwa, swali la kwanza mapokezi ni “Kwani hakujitunza?” Mizani ya kumpimia hatuna. Chumvi mnasema apunguze, na sufuria ni moja, tunakula watu saba. Na kuna siku mama ananyamaza kutwa nzima, anageukia ukutani. Siku hiyo ukimsomea masharti yenu unamuongezea ugonjwa.

Dada, kati ya sauti zote hapa hii yako ndiyo niliyoihofia, kwa sababu kwa sehemu kubwa una haki, na ushahidi uko upande wako kuliko unavyofikiri. Mwaka 2016 watafiti walikusanya takwimu za mgonjwa mmoja mmoja kutoka tafiti 20, watu 5,624, kuona programu za kumsaidia mgonjwa kujisimamia zinafanya nini. Kwa ujumla zilipunguza kwa moja ya tano uwezekano wa kufa au kulazwa kwa ajili ya moyo. Lakini walipowatenga wale wenye sonona ya kati au kali, mambo yaligeuka: waliopewa programu hizo walikuwa na hatari ya kufa kubwa zaidi, kwa takriban asilimia 39, kuliko wenye sonona ambao hawakupewa. Matokeo ya kundi dogo ndani ya kundi kubwa husomwa kwa tahadhari, na sababu yake haijathibitishwa. Mimi inanitosha kusema kwamba nesi anayeanza na masharti kabla ya kuuliza habari ya usingizi, hamu ya kula na kugeukia ukutani anaweza kuumiza. Mama yako siku ile anahitaji kwanza kutibiwa huzuni. Mizani itasubiri.

Na neno lenyewe limetumiwa vibaya. Barbara Riegel wa Marekani, pamoja na Tiny Jaarsma na Anna Strömberg waliofanya kazi zao Ulaya, waliandika mwaka 2012 nadharia inayogawa kujitunza katika sehemu tatu: kudumisha hali, kuufuatilia mwili, na kuchukua hatua mwili ukibadilika. Jaarsma ndiye aliyeongoza COACH na Strömberg ndiye aliyeongoza utafiti wa Sweden. Si watu wa kuota ndoto mezani. Kipeperushi cha hospitali hushughulika na sehemu ya kwanza tu, na lawama ya mapokezi hutoka humohumo: ulipewa masharti, umeyavunja. Sehemu ya pili na ya tatu hazina masharti, zina maamuzi. Hii pumzi ya leo ni ya ngazi au ya maji? Niongeze kidonge au nisubiri asubuhi? Kumuachia mtu maamuzi hayo peke yake na kisha kumlaumu, huko ni kumtelekeza, hata ukikupamba kwa jina la kumwezesha. Italia walilielewa hilo katika utafiti wa MOTIVATE-HF, wakachukua wagonjwa 510 pamoja na ndugu anayewauguza kila mmoja. Manesi hawakuhubiri, walifundishwa kuuliza na kumwacha mgonjwa atoe sababu zake mwenyewe za kubadilika. Baada ya miezi 3 kujitunza kulikuwa kumeboreka. Anayepika alihesabiwa kuwa sehemu ya tiba.

Kuhusu chumvi, nikutulize kidogo. Mwaka 2022 utafiti wa SODIUM-HF, wa nchi 6 na wagonjwa 806, uliwabana watu mpaka chini ya miligramu 1,500 za sodiamu kwa siku, na vifo na kulazwa havikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Haimaanishi chumvi ni ruksa. Gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko cha chai, bado ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima wote, na kwa hiyo ni kipimo cha watu wote saba wa sufuria yako. Ina maana tu kwamba vita ya punje haifai. Afadhali kutafuta pale inapojificha kwa wingi, na hapo mabango ya ukutani hayasaidii, maana yamechora pizza na supu ya kopo. Nesi akiuliza “Maharage unayalainishaje?” atasikia magadi, na magadi ni sodiamu. Atasikia ng'onda, iliyokaa kwenye chumvi kabla ya kuanikwa juani. Atasikia vile vidonge vya mchuzi, viwili kwa sufuria. Akiendelea kuuliza atafika kwenye goti: mama ana goti linalouma, na kila wiki ananunua diklofenaki duka la dawa. Dawa hiyo hushikilia maji na kuzibana figo, hasa kwa anayetumia enalaprili, na inaweza kuharibu kazi ya vidonge vyote vingine. Haipo kwenye kadi ya kliniki kwa sababu hakuna aliyeuliza habari ya goti katika kliniki ya moyo. Mwezi wa Ramadhani mama ana swali jingine, kidonge cha kukojoza akimeze futari au daku, na je afunge kabisa au asifunge. Ni swali la kujibiwa wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama, na kwa mgonjwa mmoja mmoja.

Mizani ikikosekana, kuna mito, kandambili na fundo la khanga kiunoni. Si vipimo sahihi kama kilo 2 ndani ya siku 3, kipimo ambacho miongozo ya Ulaya inakiita cha hatari. Lakini mto wa tatu ni habari, na mwenye kuutandika anaiona kabla ya hospitali.

Daktari: Hayo ya magadi sikuyajua, nakubali. Ila umepitisha neno kimyakimya tangu mwanzo: mamlaka ya kugusa dozi. Furosemaidi ikizidi inakausha mtu, inashusha potasiamu, inaua figo. Nesi akikosea kwa simu, saa mbili usiku, jina litakaloandikwa ni la nani?

Lako, Daktari, ndiyo maana mwongozo uandikwe na wewe. Sisemi nesi aagize dawa apendavyo. Nasema karatasi moja yenye sahihi yako: mgonjwa huyu, dozi yake ya kawaida hii, dalili hizi zikitokea dozi iongezwe kiasi hiki kwa siku zisizozidi 3, presha ikiwa chini ya hapa au akisikia kizunguzungu asiongezewe, siku ya 4 aonwe na apimwe damu. Manesi wa Argentina walifanya kazi kwa ruhusa ya namna hiyo. Afrika Kusini, utafiti wa STRETCH wa mwaka 2012 ulipima manesi wanaoandika dawa za UKIMWI, zenye hatari zake, na wagonjwa wao hawakufa zaidi ya wale wa madaktari. Makosa yatatokea. Ila kosa la leo, la kumwacha mtu ajaze maji siku saba akisubiri tarehe ya kadi, halina jina la mtu chini yake, ndiyo maana tumelizoea.

Mhasibu: Haya. Na nesi huyo akishawazoea wagonjwa wake 60, barua ya uhamisho ikaja?

Hapo umenishika. Rejesta inaweza kurithiwa, karatasi ya mwongozo inaweza kurithiwa, na ni busara manesi wawe wawili tangu mwanzo. Ila kule kujua kwamba mgonjwa fulani akisema “niko salama” kwa sauti ya chini hayuko salama, hakuna rejesta inayokubeba, na mfumo wetu wa uhamisho haukutengenezwa kwa kazi inayotegemea kujuana. Sina jibu kamili.

Binti: Mimi nina moja tu. Usiku akiomba mto wa tatu, nampigia nani?

Namba iandikwe nyuma ya kadi, kwa kalamu ya wino, siku anaporuhusiwa.

Mhasibu: Na salio?

La hospitali. Liwekwe kwenye bajeti mstari mmoja chini ya oksijeni.